Gorogoro

Mama hupima mahindi sokoni Luanda
kwa gorogoro iliyobonyea kitako.
Wateja wanajua. Hakuna anayenung'unika,
maana huongeza konzi moja juu
na kusema, "Hii ni ya pale palipobonyea."

Leo saa sita usiku maombi ya vyuo yanafungwa.
Mjomba Okwemba amepiga simu mara tatu tangu asubuhi:
"Cha kwanza nchini, Ayuma! Cha kwanza!
Mtu haitwi kwenye meza ya mfalme
akajibu ameshashiba viazi."
Orodha aliichapisha mwenyewe, akaipigia mstari mwekundu,
nayo imebandikwa ukutani kwetu
juu ya kalenda ya duka la mbolea:
nambari moja kileleni, na kile kingine,
kile ninachokiwaza nikisugua sufuria,
cha thelathini na nane,
kule chini karatasi inakojikunja.

Kile cha kwanza nilikitembelea mwezi wa nne.
Sikatai. Maktaba ina ghorofa sita,
na harufu ya vitabu vipya ilinimezesha mate.
Ukumbi una viti mia nane. Nilikaa safu ya mbele,
sikio la kulia nimelielekeza kwa mhadhiri;
la kushoto lilizimika nikiwa darasa la nne,
wiki ile ya homa, wala halijawaka tena.
Sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vya pembeni,
ikagonga kuta, ikarudi imevunjika,
nami nikawa naokota vigae:
shinikizo... kwa hiyo... mtihani...
Wenzangu walipocheka, nilicheka.
Nilichelewa kidogo.
Msichana wa kando yangu aliona.

Cha thelathini na nane kiko nje ya Kisumu, njia ya Kibos,
katikati ya miwa na reli.
Darubini zao ni tatu, moja ina ufa.
Daktari Akelo alikuwa akieleza mishipa ya jani
mvua ilipoangukia mabati
kwa desturi ya Kisumu, bila kupiga hodi.
Hakuna aliyesikia kitu.
Kwa dakika kama kumi na mbili darasa zima,
sote thelathini,
tulikuwa sawa na sikio langu.
Hakupaza sauti. Aliandika ubaoni,
akageuka, akatutazama usoni mmoja mmoja,
nyusi zikiuliza: tuko pamoja?
Akaandika tena.
Na mvua ilipokatika aliendelea vivyo hivyo,
akigeuka kwanza, ndipo akifungua kinywa,
na mimi sikuwa nimemwambia lolote.

Nimemsimulia Mama baada ya chakula,
taa kati yetu, niione midomo yake.
"Na ile darubini yenye ufa?"
"Tutapokezana zile mbili."
"Na vitabu?"
Nimenyamaza. Kabati lao la vitabu
halijai hata ukuta mmoja.
"Siku ya kutafuta kazi watakuuliza ulisoma wapi."
"Wataniuliza."
"Utajibu nini?"
"Kwanza nisikie swali."
Amecheka mpaka kanga ikamvuka bega.
Kisha ameivuta gorogoro kutoka chini ya meza,
ameipindua, amepitisha kidole gumba
pale palipobonyea, kwenda na kurudi.
"Hii ni ya haki kwa mahindi," amesema.
"Lakini fundi viatu akikupima mguu kwayo,
mkimbie."

Zimebaki dakika ishirini na moja.
Mama amelala, au anajifanya.
Simu ya Mjomba inalia mara ya nne.
Naipokea, naibana begani
kwenye sikio la kushoto,
namwacha azungumze kadiri apendavyo
huku vidole vyangu, kwenye simu ya Mama,
vikiandika polepole: tatu, nane.
Huenda anayoyasema ni kweli.
Natetemeka kidogo.
Huenda ni kweli tupu.